Musubi ya Spam nyumbani: ununue nyama gani na mchele upi

Kwenye maduka ya 7-Eleven kule Honolulu, Hawaii, musubi huuzwa zikiwa vuguvugu: tofali dogo la wali, kipande cha Spam (nyama ya nguruwe ya kopo) kilichokaangwa juu yake, na mwani mweusi umezungushwa kuvishika pamoja. Wahamiaji wa Kijapani waliokwenda Hawaii kulima miwa ndio walioleta wali wa kubana kwa mkono. Spam, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937, ilizoeleka visiwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Anayetajwa sana kwa kuviunganisha na kuviuza ni Barbara Funamura wa kisiwa cha Kauai, miaka ya 1980.

Kupika si kazi. Kazi ni kununua, na hela nyingi hupotelea kwenye vitu visivyo na maana huku mchele ukichukuliwa wowote uliopo kabatini. Kwa hiyo naanza na mchele.

Sisi tumelelewa kusifu wali unaochambuka, punje moja moja. Hapa sifa hiyo ni kasoro. Basmati na pishori, hata ziwe na harufu nzuri vipi, zitakumwagikia mapajani ukiuma mara ya kwanza. Chaguo langu la kwanza ni Calrose, mchele wa California wa punje za wastani, ambao ndio unaopikwa nyumba nyingi za Hawaii. Wa pili ni mchele wa Kijapani wa punje fupi. Unashika vizuri zaidi lakini mara nyingi bei yake imechangamka. Jasmine wa Thailand ni wa tatu, wa kujikimu: ongeza maji kidogo wakati wa kuupika na uubane ungali moto. Usichanganye na ule mchele wa kunata wa kutengenezea vitamutamu. Huo unageuka gundi. Usitie mafuta, wala nazi. Vikombe viwili vya mchele mkavu vinatosha kopo moja la gramu 340, ambalo hukatwa vipande 8.

Nyama sasa, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Spam 25% Less Sodium. Kopo la kawaida lina takriban miligramu 790 za sodiamu kwa kila gramu 56, yaani kipande kimoja na theluthi hivi kati ya vile 8, na bado utaongeza soya sosi. Hii iliyopunguzwa chumvi inakaangika vilevile na ladha haipungui.

Ya pili ni Spam Classic yenyewe. Ukiichukua, punguza soya sosi.

Ya tatu, na kwa nyumba nyingi za Waislamu ndiyo ya kwanza, ni luncheon, nyama ya kopo inayofanana na Spam, ya kuku au ya ng'ombe yenye nembo ya halali. Chapa ya Zwan inapatikana sana Ghuba, na wanaoishi Marekani wataiona kwenye maduka ya Waarabu. Ni laini kuliko Spam, kwa hiyo kata vipande vinene na usivigeuzegeuze. Angalizo: ipo Spam ya bata mzinga, lakini kukosa nguruwe peke yake hakuifanyi nyama kuwa halali. Tafuta nembo.

Spam Lite naiweka ya nne. Mafuta yamepungua nusu, na bila mafuta ile rangi ya kahawia yenye kingo za kukauka haiji sawasawa. Corned beef ni ya mwisho kabisa: ikipata moto inasambaratika. Ile kula na mkate.

Mwani nunua nori ya shiti kubwa, isiyotiwa chumvi wala mafuta, na ukate kila shiti katikati. Vile vipakiti vidogo vya Kikorea vya kutafuna vimepakwa mafuta na huchanika. Na kabla hujamuagiza shangazi wa Paje akutumie: mwani unaolimwa Zanzibar ni wa aina nyingine, haufanyi kazi hii.

Kalibu ya plastiki ni ya bei ndogo, lakini si lazima. Kopo lenyewe lina umbo la kipande cha nyama. Lioshe, tandika ndani karatasi ya plastiki ya kufungia chakula, shindilia wali, kisha vuta plastiki utoe. Angalia kingo, zinakata.

Sosi ni vijiko viwili vya chakula vya soya sosi na viwili vya sukari, na vitiwe nyama ikishaiva rangi, maana sukari huungua haraka. Mapishi mengi hutaja mirin. Hiyo ni pombe tamu ya mchele, na ukiiacha hakuna atakayejua.

Musubi zifunge kwenye plastiki zikiwa moto ili mwani ulainike, na zile siku hiyo hiyo. Zikilala kwenye friji wali unakuwa mgumu. Ukilazimika, zipashe kwenye maikrowevu sekunde 30 zikiwa bado zimefunikwa.