Uzoefu wangu: huduma ya kufungasha saileji, na kiangazi kimoja cha ng'ombe wangu wa maziwa

Ninafuga wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye kihamba cha migomba na kahawa ambacho hakina nafasi ya malisho. Ng'ombe wangu, chotara wa Friesian anayekamuliwa, pamoja na mtamba wake, hulishwa ndani ya banda mwaka mzima. Masika yakiisha, majani ya kandokando ya mifereji hukauka, mabingobingo huacha kuchipua, na kuanzia Julai hadi vuli inapoanza sisi wa huku juu hutegemea mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka tambarare, pamoja na magomba yaliyokatwakatwa. Mwaka juzi ng'ombe wangu alishuka kutoka lita 11 kwa siku hadi 5 kufikia katikati ya Agosti, mbavu zikawa zinahesabika, na akakaa miezi mingi bila kuonyesha dalili za joto, yaani za kutaka dume. Hasara hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu maziwa yaliyopotea leo huweza kurudi mvua zikinyesha, lakini ndama aliyechelewa kutungwa amechelewa.

Mwaka jana, kwa hiyo, niliamua kulipia huduma ya kikundi cha vijana wanaozunguka na mashine ya kukatia majani, ambao huja shambani kwako, hukata mahindi mabichi, huyashindilia kwenye mifuko ya nailoni nzito iliyovikwa viroba, kisha huifunga isiingie hewa, ili mahindi yachachuke na kuwa saileji, chakula cha akiba cha ng'ombe. Niliwapeleka kwenye shamba langu la nusu eka huko chini katika wiki ya mwisho ya Juni, wakati punje ikibonyezwa kwa ukucha ilikuwa inatoa uji mzito. Gharama ilikuwa shilingi 2,500 kwa kila mfuko wa kilo 50 hivi, mfuko wenyewe ukiwa ndani ya bei hiyo, na tulipata mifuko 52.

Kazi ya siku ya kwanza naisifu bila kusita. Vipande vilikuwa vifupi, kati ya sentimeta 2 na 3, na kijana mmoja alikuwa na kazi moja tu, ya kukanyaga na kushindilia kwa mti mzito kila tabaka lilipomwagwa. Siku ya pili walichelewa kuanza, jua likawakuta bado wana mahindi chini, na mifuko ya mwisho waliijaza haraka huku giza likiingia. Nilipoigusa kesho yake ilibonyea kama mto wa kulalia, ilhali ile ya siku ya kwanza ilikuwa migumu kama gunia la sukari. Sikusema neno, na nililipia ukimya huo: mifuko tisa iliharibika, saba kati yake ikiwa ya jioni ile, na miwili mingine ilitobolewa na panya stoo kwangu, kosa ambalo ni langu mwenyewe. Saileji iliyopata hewa hugeuka kahawia nyeusi, huteleza mkononi na huota ukungu, na nilikataa kumpa ng'ombe hata kiganja kimoja, maana sumukuvu iliyomo kwenye chakula chenye ukungu hupita hadi kwenye maziwa ambayo watoto wetu wanakunywa. Kiongozi wa kikundi alikuja kuiona, akanirudishia fedha za ile saba bila mabishano.

Mfuko wa kwanza niliufungua baada ya siku 28. Rangi ilikuwa kijani iliyoelekea njano, harufu ilikuwa ya siki yenye utamu kwa mbali, na nilipoikamua kwenye ngumi haikutoa tone, lakini kiganja kilibaki na unyevu. Ng'ombe aliinusa kwa muda mrefu, akarudi nyuma, kisha akaingiza mdomo wote kwenye hori na hakuutoa mpaka aliporamba mbao. Siku za mwanzo nilichanganya kidogo kidogo na mabua ili tumbo lizoee, hatimaye nikafika kilo 15 kwa siku kwa anayekamuliwa na kilo 5 kwa mtamba, nikilisha baada ya kukamua, kwa kuwa harufu ya saileji huingia upesi kwenye maziwa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo muuzaji yeyote wa saileji angepaswa kumwambia mteja, nami sikuambiwa. Nilidhani nimenunua chakula kamili. Katika wiki tatu za saileji na mabua peke yake, daftari langu lililoning'inia mlangoni mwa banda linaonyesha lita 8 kila siku, pungufu kidogo tu ya zile 10 alizokuwa akitoa mwezi Juni. Maziwa hayakuporomoka, lakini hayakupanda pia. Saileji ya mahindi hutoa nguvu, ila protini yake ni ndogo, na ya mabua makavu ni ndogo zaidi, kiasi kwamba vijidudu vinavyosaga chakula tumboni mwa ng'ombe hudhoofika, naye akabaki ameshiba huku ana njaa. Wapo wanaonyunyizia mabua molasi. Humfanya ng'ombe ayale vizuri na humpa sukari, lakini nayo haizibi pengo la protini.

Nilianza kumpa kilo 2 za mchanganyiko wa mashudu ya alizeti na pumba za mahindi, nusu asubuhi na nusu jioni, nikipima kwa mizani kwa sababu kisado cha dukani hudanganya, pamoja na chumvi ya madini na majani ya kaliandra, mti wa malisho, kutoka kwenye ua wangu. Wiki hiyo hiyo nilikomesha mtindo wa kumnywesha mara mbili kwa siku, nikaacha maji kwenye ndoo kubwa muda wote, na alimaliza zaidi ya lita 60. Baada ya siku kumi daftari lilisoma lita 10 na nusu. Mchanganyiko ulinigharimu shilingi 1,400 kwa siku, na lita mbili na nusu zilizoongezeka niliziuza kwa shilingi 1,000 kila moja, ingawa siwezi kutenganisha sehemu iliyoletwa na mashudu na ile iliyoletwa na maji.

Saileji ilinifikisha wiki ya pili ya Novemba. Ng'ombe aliingia joto mwishoni mwa Septemba, akapandikizwa mbegu kwa mrija na akashika mimba kwa jaribio la kwanza, na mtamba alizaa akiwa na mwili mzuri.

Kwa hiyo huduma hii naipendekeza, hasa kwa mwenye shamba tambarare na ng'ombe kihambani, mradi atenge mapema fedha za mashudu, tena kabla ng'ombe hajakonda. Mwaka huu nimeagiza mifuko 70 kwa wiki ile ile ya Juni, na tumeandikiana masharti mawili: kila mfuko nitaugusa kabla haujafungwa, na kazi itasimama jua likizama hata kama mahindi bado yako chini.