Logitech MeetUp ofisini: kifaa safi, ila fundi wa kukifunga ndio kila kitu

Kama chumba chenu cha mikutano ni kidogo, meza ya watu sita hivi, chukueni MeetUp, kifaa cha mikutano ya video, bila wasiwasi. Imetoka 2017 kwa hiyo sio mpya, lakini bado inapiga kazi vizuri sana. Kamera, maiki na spika vyote viko kwenye kipande kimoja, unachomeka umeme, unachomeka USB kwenye laptop, Zoom inaitambua yenyewe hakuna kuhangaika kuweka madraiva (programu za kuendesha kifaa). Lenzi inachukua nyuzi 120 na hapo ndipo iliponikamata, maana chumba chetu hapa Dar ni kifupi, na yule anayekaa ubavuni karibu na tivii enzi za webcam alikuwa anasikika tu, haonekani. Sasa hivi anaonekana yeye mpaka daftari lake.

Shughuli sasa ni kwenye kufunga. Duka lililotuuzia lilileta vijana wakakibandika juu kabisa ya tivii karibu na dari, wakajaribu picha, wakasema tayari, haooo wameondoka. Tukapiga mkutano na wenzetu wa Nairobi wakawa wanalalamika tunasikika kama tuko bafuni, na picha inaganda ganda. Kifaa hakina kosa jamani. Sakafu ni tailizi, ukuta mmoja wote kioo, hakuna pazia hakuna kapeti, sauti inagonga inarudi. Na ile kebo, inayokuja na kifaa ni mita 5, ambayo kwa USB ya kawaida ndio mwisho wenyewe, wao wakaunga na nyingine ya bei chee ili ifike kwenye laptop upande wa pili wa meza.

Tukatafuta fundi mwingine na huyu ndio nataka kumsifia. Kabla hajagusa waya alisimama katikati ya chumba akapiga makofi, akanyamaza anasikiliza, akahama kona akapiga tena. Akasema bosi, anzeni na pazia nzito upande wa kioo na kapeti chini ya meza, vitu ambavyo hata yeye hauzi! Akashusha kifaa chini ya tivii, kikawa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, akatupa ile kebo ya kuunga akaweka yenye kikuza mawimbi ndani yake, laptop akaitoa kwenye waifai akaipa waya wa LAN, kwa sababu Zoom peke yake ikitaka picha ya 1080p, ile kali, inakula kasi ya intaneti kama Mbps 3.8 kwa kutuma tu, na waifai yetu ilikuwa inagawana na simu za ofisi nzima. Kwenye UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, akaunganisha kifaa pamoja na rauta, sio laptop peke yake kama tulivyozoea, maana TANESCO wakikata laptop ina betri, hivyo vingine havina.

Akasisitiza pia anayeingia mkutanoni kwa laptop yake akiwa humo humo chumbani azime maiki NA spika, akizima maiki tu mwangwi unabaki.

Hela yake ilikuwa juu kuliko ya wale vijana na ningemlipa tena kesho. Ila wenye ukumbi mkubwa, watu wanakaa mbali na tivii, hii msinunue, maiki zake hazifiki huko, angalieni Rally ya Logitech hao hao ambayo maiki zake zinakaa mezani.