Video za bondeni Mkwajuni: kaone ukiwa pale pale zilipopigwa

Nimetoka kuangalia yale maonyesho ya video kule Mkwajuni, yale yanayooneshwa usiku ukutani bondeni, na naandika usiku huu huu maana kesho na keshokutwa bado yapo afu ndo basi. Kiingilio hamna. Ukishuka mwendokasi kituo cha Mkwajuni usihangaike kuuliza ukumbi, hakuna ukumbi, we shuka upande wa mto Ng'ombe ufuate mlio wa jenereta.

Kwa ambao sio wenyeji wa Kinondoni, lile bonde lilikuwa limejaa nyumba mpaka mtoni. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar, wengi waliokumbwa wakapelekwa Mabwepande, wengine wakabaki, wengine wakaondoka wakarudi. Afu Desemba 2015 ikaja bomoabomoa, nyumba zikapigwa X nyekundu na makatapila yakashuka, ndani ya siku chache mtaa mzima ukawa vifusi. Shangazi yangu alikuwa na nyumba pale, vyumba vinne na kibaraza, likizo zangu zote za shule ya msingi nlizimalizia pale. Kwa hiyo sikwenda kama mtu wa sanaa, na nasema mapema ili ujue naangalia na macho gani.

Walichofanya hawa vijana (wako watatu, na walikuwepo usiku wote wanahangaika na nyaya) ni kupiga video za kile kipande cha ardhi kwa muda mrefu, asubuhi, jua kali, mvua, halafu wanazionesha hapo hapo walipozipigia. Video ya kwanza inaoneshwa kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba iliyobaki mwisho kabisa juu ya bonde, na ile X bado ipo ukutani. Hawakuipaka rangi kuificha. Kwa hiyo chochote kinachopita kwenye picha kinapita juu ya X, mtu, mbuzi, mawingu, na baada ya dakika kadhaa unasahau kwamba ipo, afu picha ikiwa na mwanga sana inajitokeza tena.

Na kwenye picha kuna nini? Sakafu. Sakafu ya saruji nyekundu, ile ya kusugua na nta, katikati ya majani, na kamera haisogei hata kidogo kama dakika ishirini hivi. Mwanzo nlidhani ntachoka. Afu wakaja watoto wawili wakawa wanacheza juu ya ile sakafu, na mmoja alivyotaka kutoka hakukatiza, alizunguka mpaka kona ya kushoto akatokea palipokuwa na mlango. Ukuta hamna, mlango hamna, na huyo mtoto ukimwangalia umri wake nyumba ilivunjwa hajazaliwa, ila kizingiti cha saruji bado kipo chini na mguu wake unakifuata. Hapo nikageuka nyuma, maana ile sakafu yenyewe ipo hatua kama kumi kutoka ukutani na ndo watu walikuwa wameikalia, na mimi nlikuwa nimekaa karibu na kile kizingiti bila kujua.

Pembeni yangu alikuwa bibi mmoja na khanga yake kajifunika mbu. Nikamwamkia, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, we wa wapi? Nikamtajia shangazi. Akanishika mkono na hakuniachia mpaka mwisho. Akaanza, "Hapo alipolala mbuzi ndo jikoni kwa mama Asha. Huyo mtoto kasimama uani, hapo palikuwa na pipa la maji." Watu wakanyamaza wanamsikiliza yeye. Mliokulia vibanda umiza mnakumbuka mkanda ulikuwa haunogi bila mtu wa kutafsiri, enzi za kina Lufufu, sasa pale bibi ndo alikuwa mtafsiri na picha haikuwa na neno hata moja. Video ikaisha ikaanza upya na yeye akaanza upya, safari hii na majina mengine.

Ya pili ndo iliyoniudhi. Imepigwa na droni Jangwani, barabara ya Morogoro ikiwa imefunikwa na maji, mabasi ya mwendokasi yamekwama, karakana yao imezingirwa, afu inaenda mpaka kwenye ujenzi wa daraja jipya. Picha nzuri, safi, hilo sibishi. Lakini wameionesha kwenye shuka jeupe Mkwajuni, na habari ya Jangwani ukiitoa Jangwani inakuwa taarifa ya habari ya saa mbili. Watu walinyanyuka wakaenda kununua mihogo. Halafu huko juu ya droni hakuna mtu aliyewahi kuishi, pale tuliishi chini, maji tuliyaona yakiingia kwa mlangoni. Kama ruhusa ya kuonesha Jangwani ilikuwa ngumu, bora wangeiacha kwanza.

Ya tatu usiikose, na ni rahisi kuikosa. Iko kwenye kibanda cha mama lishe, kwenye TV ya chogo juu ya rafu ya chumvi na viberiti. Ni wakulima wa mchicha bondeni, alfajiri, wanamwagilia na ndoo zile za kutobolewa, unasikia maji na kuku basi. Umekaa unakula ugali wako na mchicha huo huo, ule mto wote tunaujua una nini, na hakuna anayekuhubiria chochote. Mama anasema saa nne anahamisha anaweka mpira, kwa hiyo wahini.

Kasoro nyingine: jenereta iko karibu mno, spika ni ndogo, na kale kakaratasi ka maelezo kamebandikwa kwenye mti kameandikwa Kiingereza kitupu. Jamani. Watu waliokalia ile sakafu ndo wenye nyumba, waandikieni kwa Kiswahili, kalamu na karatasi tu inatosha hata kesho asubuhi. Vijana nliwaambia wakaitikia vizuri.

Kwanini nasisitiza uende mwenyewe: nlirekodi kipande kwa simu nikamtumia shangazi WhatsApp, saivi anaishi Chanika. Akanijibu, "Mbona majani tu?" Kwenye kioo cha simu ni majani tu kweli, sakafu haionekani hata ni nyekundu. Na kule bondeni fidia zimelipwa watu wapishe mradi wa bonde la Msimbazi, mipango inasema patakuwa na bustani kubwa ya jiji, na huenda ikawa nzuri kweli, ila zile sakafu hazitabaki.

Kesho namfuata shangazi nimlete. Ameniuliza mara mbili kama bibi wa khanga atakuwepo, nimemwambia sijui ila tukae pale pale. Nimemwambia pia avae viatu vya kufunika, kushuka kuna matope.