Mtu wa Newala kuambiwa amefakamia maji

Nianze na lililoniuma. Mengine yatafuata kama hasira itaniruhusu.

Nasafishwa damu hapa Mtwara mjini, mara tatu kwa wiki, saa nne nne kwenye kiti. Hospitali siitaji, bado nawahitaji. Kwetu ni Newala, ila tangu figo zigome nimehamia kwa binti yangu Chikongola, maana ile barabara huwezi kuipanda na kuishuka kila baada ya siku mbili ukabaki na mgongo.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa korosho, minada imeshaanza. Nakumbuka kwa sababu simu za shambani zilikuwa haziishi. Nimefika alfajiri, mizani yetu ya namba haiwaki. Wakaazima nyingine, ya mshale, sijui wodi gani. Nikapanda: kilo 65 na nusu.

Asiyeugua figo hatanielewa, kwa hiyo niseme. Uzito wangu mkavu, yaani nikiwa sina maji ya ziada mwilini, ni kilo 61. Wanachukua uzito uliokuja nao, wanatoa huo mkavu, kinachobaki ndicho mashine itakachokuvuta. Mizani ndiyo inayopanga na mashine. Wewe umelala tu, sindano mbili mkononi.

Nesi akatazama mshale, akanitazama mimi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Mzee, umefakamia maji! Kilo nne na nusu kwa siku mbili? Mkifika nyumbani mnajisahau, kazi tunaipata sisi."

Mkwe wangu amesimama pale na mfuko wa chakula. Mkwe! Akajifanya anasoma tangazo la kunawa mikono.

Mimi, mtu wa Newala, nifakamie maji? Tumekulia juu ya uwanda usio na mto, tumekinga mvua ya bati kama watu wanavyokinga pesa, maji uliyonawia uso ulimwagia mche. Kubana maji sikufundishwa na daktari, nilifundishwa na bibi. Na baada ya kuugua nimeacha ndizi, nimeacha madafu, hata korosho zangu mwenyewe naziuza bila kuonja, kwa sababu potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama hivi hivi ukiwa unaongea na watu.

Nikamwambia, "Sista, sijanywa." Akajibu, "Mizani haisemi uongo, mzee."

Wakaandika mashine inivute lita nne, ile nusu wakaiacha.

Saa ya tatu vigimbi vikakaza kama kamba ya jahazi. Nikapiga kelele, na mimi si mtu wa kelele. Halafu macho yakaingia giza, presha imeshuka. Wakanilaza, miguu juu, wakanirudishia maji ya chumvi mshipani. Hapa niwe mkweli, walikuwa wepesi. Yuleyule nesi alikaa pembeni yangu amenishika kifundo cha mkono mpaka nilipoanza kuona dari. Ningeandika jioni ile ningemsifu.

Siku iliyofuata ya kusafishwa naikuta ile mizani ya kuazima bado ipo. Nikaitazama kabla sijapanda. Mshale umelala kwenye mbili na nusu. Juu hakuna mtu, hakuna hata kandambili!

Nimeuza korosho zaidi ya miaka thelathini. Mkulima wa huku akishapunjwa mara moja na watu wa kangomba, wale wanaonunua korosho kwa magendo, anajifunza kutazama kipimo kabla ya mzigo. Na siku ile sikutazama. Najilaumu, na nikijilaumu ndiyo nazidi kukasirika, kwani tangu lini mgonjwa akawa mkaguzi wa mizani?

Nikamwita yule nesi. Akainama, akazungusha kile kigurudumu cha pembeni, mshale ukarudi sifuri. Akasema, "Haya, panda."

Haya panda! Pole haikumtoka. Nchi hii mtu akijikwaa mbele yako unampa pole, na jiwe hukuliweka wewe. Huyu jiwe kaliweka yeye.

Nilikwenda kwa mkubwa wao, akanisikiliza, mizani mpya ikaja haraka kuliko nilivyotegemea. Pole kwa huyo pia sikuisikia, nilisikia "tumelichukua". Nyota moja.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Fundi wao aliniambia mashine inatumia kama lita 120 za maji yaliyochujwa kwa mtu mmoja, kwa mara moja. Nikapiga hesabu yangu ya Newala: ndoo sita. Ndoo sita zinapita kwa ajili yangu peke yangu, mara tatu kwa wiki, mimi niliyeoga kwa kopo mpaka naoa. Nikaona aibu kidogo. Na wapo waliotutangulia, waliokwenda kupanga chumba Dar kufuata mashine, zaidi ya kilomita 500, mashamba yakabaki pori. Mimi jioni nakula kwa mwanangu, wajukuu wanasikiliza mkono wangu ulioungwa mishipa kwa ajili ya mashine unavyovuma, wanasema babu ana nyuki. Kwa hilo ningetoa nne.

Na lingine, nalisema kwa kuwa mkwe wangu si msomaji wa mambo haya. Siku moja kabla ya ile siku kulikuwa na shughuli jirani, nikapewa dafu. Nilionja. Nusu, au nusu na kidogo. Na mchuzi wa pweza. Kwa hiyo kilo mbili nilikuwa nazo kweli, zangu halali. Lakini zile mbili na nusu zilikuwa za mizani, na ndizo zilizoniangusha.

Naacha nyota mbili. Ya tatu ninayo mfukoni. Anayetakiwa kuifuata anajijua, na neno lenyewe ni la herufi nne.