Fimbo nyeupe au mwangwi wa ulimi katika njia za Goma?

Asiyeona anayepita Birere, mtaa wa soko mjini Goma, Kongo, anaweza kuisoma njia kwa mkono au kwa sikio. Fimbo nyeupe hugusa kilicho chini: mawe ya volkano ya Nyiragongo ya mwaka 2002, mtaro ulio wazi, chukudu (kigari cha mbao cha kubebea mizigo) iliyolazwa njiani. Lakini hupita chini ya lori lililoegeshwa, na uso ukagonga bodi. Hapo mwangwi huokoa: unapiga ulimi kwenye kaakaa, sauti inagonga ukuta na kurudi, penye kichochoro, hairudi vile. Mmarekani Daniel Kish, kipofu tangu utotoni, hufundisha mbinu hiyo. Ila kelele za pikipiki huufunika mwangwi, na shimo halisikiki vizuri. Mimi ningeanza na fimbo. Ulimi ujifunzwe alfajiri, soko halijachangamka.