Redio ndogo ya AM jijini Dar es Salaam: usikivu na vituo nilivyovipata

Nilinunua Kariakoo redio ndogo ya mkononi yenye FM, masafa ya kati (ndiyo AM ya wengi) na masafa mafupi, kwa bei isiyofika shilingi laki moja. FM haikuwa shida yangu, kwani simu na gari vinanitosha. Nilitaka kujua kama AM bado ina kitu cha kumpa mkazi wa jiji ambalo FM yake imejaa vituo kuanzia megahezi 88 hadi 108. Kitu kipo, ila kwa masharti ya mahali na saa, na mengi ya masharti hayo hayahusiani kabisa na ubora wa redio niliyonunua.

Kwanza kuna suala la mpangilio wa masafa, ambalo wauzaji wengi hawalitaji. Kwetu Afrika, kama ilivyo Ulaya, vituo vya AM hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 9, kuanzia 531 hadi 1602. Marekani hutumia nafasi ya kilohezi 10. Redio yangu ilitoka kiwandani ikiwa na mpangilio wa Marekani, kwa hiyo ilipotafuta vituo yenyewe ilisimama kwenye 1370 na 1380 na kuiruka 1377, ambayo wasikilizaji wa zamani wa Radio Free Africa ya Mwanza wanaikumbuka vizuri. Kubadili ni kazi ya kubonyeza kitufe kimoja kwa muda redio ikiwa imezimwa, jambo ambalo kijitabu cha maelezo kimelieleza kwa herufi ndogo mno. Redio za zamani za kuzungusha kwa mkono hazina usumbufu huu.

Kuhusu usikivu, adui mkubwa ndani ya nyumba yangu Kimara ni vifaa vya umeme. Taa za LED za bei rahisi, chaja za simu na king'amuzi cha televisheni hutoa kelele za masafa yale yale ya AM, nazo husikika kama mkwaruzo usiokatika unaofunika sauti ya mtangazaji. FM haisumbuliwi kwa kiasi hicho, kwa sababu taarifa yake imo katika mabadiliko ya masafa, ilhali ya AM imo katika nguvu ya wimbi lenyewe, na kelele za umeme huongezeka moja kwa moja juu ya nguvu hiyo. Umeme ukikatika mtaa mzima, AM husafika ghafla, na nakiri kwamba hizo ndizo nyakati pekee ambazo giza la mtaani kwetu sikulilalamikia. Umeme ukiwepo, ninaisogeza redio dirishani na kuigeuza taratibu: ndani yake antena ya AM ni kijiti cha feraiti (kauri yenye chuma) kilichozungushiwa waya, ambacho hupokea vizuri kwa ubavu na vibaya kwa ncha, hivyo ncha ikielekezwa kwenye chanzo cha kelele mkwaruzo hupungua sana. Kuvuta antena ya nje hakusaidii chochote hapo. Hiyo ni ya FM na masafa mafupi.

Katikati ya jiji, kati ya majengo marefu ya zege na nondo, hali ni mbaya, na Kariakoo sikupata cha maana. Kigamboni, ufukweni, ilikuwa redio nyingine kabisa. Maji ya chumvi hupitisha wimbi la AM vizuri kuliko ardhi kavu, kwa hiyo yeyote anayekaa karibu na bahari ana nafasi nzuri zaidi ya kusikia vituo vya Unguja na vya pwani ya kaskazini kuliko mkazi wa Mbezi ya Kimara.

Halafu kuna usiku. Mchana wimbi hutambaa ardhini na kuchoka njiani, huku lile linalopanda angani likimezwa na tabaka la chini ambalo jua hulichaji. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, na wimbi huakisiwa na matabaka ya juu na kurudi chini mamia ya kilomita mbele. Ndiyo maana bendi ya AM inayoonekana tupu saa nane mchana hujaa saa mbili usiku: Kiswahili cha Kenya, Kiarabu kutoka ng'ambo ya bahari, na sauti zinazopanda na kushuka kama mtu anayeongea akiwa kwenye bembea. Mwanza iko takriban kilomita 850 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na umbali huo si wa ajabu kwa AM ya usiku.

Upande wa aina ya vipindi ndio ulionifikirisha zaidi. Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ifungue mlango kwa vituo binafsi, jiji limepata vituo vingi vya FM, lakini anayehama kutoka Clouds hadi Wasafi hadi EFM atakutana na mambo yanayofanana mno: Bongo Fleva, singeli, uchambuzi wa Simba na Yanga, mzaha wa asubuhi. Siwalaumu. Kituo cha FM huishi kwa matangazo ya biashara ya eneo unaloliona mnara wake, na eneo hilo limejaa vijana. TBC Taifa, mrithi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, ilirithi mtindo uliojengwa wakati sauti moja ilipaswa kufika Kigoma na Mtwara kwa masafa ya kati na mafupi. Kwa hiyo ndani yake kuna taarifa za habari ndefu, kilimo, matangazo ya vifo na zilipendwa. Isitoshe, nafasi ya kilohezi 9 huikata sauti ya juu ya muziki, na gitaa kwenye AM husikika kama limefunikwa blanketi, lakini mazungumzo hayapotezi kitu. Kwa habari na simulizi za usiku ninaipendelea AM. Kwa muziki, hapana.

Anayetaka kununua asiijaribu AM ndani ya duka lenye taa nyingi, maana atadhani redio ni mbovu. Amwombe muuzaji atoke nayo hadi barabarani, ahakikishe nafasi ya kilohezi 9 ipo, na achague inayotumia betri za kawaida, kwa sababu chaja ikiwa imechomekwa mkwaruzo hurudi.