Ujana wa Rais Snow: nimekimaliza kitabu, hasira haijaniisha

Juzijuzi nimemaliza The Ballad of Songbirds and Snakes ya Suzanne Collins, kitabu kinachosimulia yaliyotangulia mfululizo wake wa The Hunger Games, ule wa vijana wanaolazimishwa kuuana mashindanoni. Nitataja mwisho wote, kwa hiyo kama hujakisoma na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa.

Kwangu Snow ndiye mwovu wa kutisha kuliko wote niliowahi kuwasoma: yule rais mzee wa Panem, nchi ya kubuni ya mfululizo huo, anayenuka damu na mawaridi, anayezungumza kwa upole huku ameshika roho za watu mkononi. Kwa hiyo niliposikia kwamba kitabu cha mwaka 2020 kinarudi miaka 64 kabla ya Katniss, shujaa wa vitabu vya kwanza, kuingia uwanjani mwa mashindano hayo, Snow akiwa na miaka 18, nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka kumwona anaoza, hatua kwa hatua, mbele ya macho yangu.

Na mwanzoni nilionyeshwa kweli. Kitabu kinaanza na kabichi likichemka jikoni. Familia yenye jina kubwa, nyumba ya kifahari, na ndani hakuna cha kula! Binamu yake Tigris anamtengenezea shati kuukuu la baba yake, na vifungo anavitoa kwenye vigae vya bafuni ili kijana asiaibike mbele ya wenzake matajiri. Nilikisoma kifungu hicho mara mbili. Njaa, fahari, na hofu ya kuumbuka vimo vyote ndani ya shati moja. Baadaye anapewa Lucy Gray, binti mwimbaji wa Wilaya ya 12, amwongoze kwenye mashindano, na hujui kama anampenda au anampenda ushindi wake. Safi kabisa.

Halafu tunafika kwenye kibanda cha ziwani, na hapo ndipo mwandishi alipoiua kazi yake.

Baada ya mashindano Snow anajikuta askari kwenye kambi ya Wilaya ya 12, na huko anatoroka na Lucy Gray, wakaishi porini. Mvua inanyesha. Anateleza ulimi kuhusu idadi ya watu aliowaua, binti anamuuliza wa tatu ni nani. Snow anaziona bunduki za mauaji ambazo zingeweza kumfunga kama ushahidi, na ghafla anatambua kwamba zikipotea, shahidi aliyebaki ni mmoja. Lucy Gray anatoka kwenda kuchimba mizizi. Skafu ya rangi ya chungwa imeachwa chini, nyoka anamng'ata Snow, na yule mpenzi wa kurasa chache zilizopita anamimina risasi kwenye miti. Kwisha! Mamia ya kurasa tumepikiwa taratibu, kisha chakula kinatupwa mezani kibichi. Nimekaa na mtu huyu tangu kwenye kabichi, nina haki ya kuwepo moyo wake unapogeuka. Badala yake nimepewa woga na harakaharaka, kama mwandishi alikuwa anakimbilia basi la mwisho.

Nilikuwa nimeshaamua kusema msikisome. Lakini kila nikikumbuka Sejanus mkono unasita. Sejanus ni rafiki yake Snow na askari mwenzake, anayemwita ndugu, na mama wa Sejanus anawatumia wote wawili vyakula vya nyumbani kule kambini. Snow anatumia ndege wa maabara, wale wanaonasa maneno ya watu, kurekodi siri za rafiki yake na kuzipeleka Capitol, mji mkuu wa Panem. Sejanus ananyongwa. Kisha Snow anarudi mjini na wazazi wa marehemu wanamfanya mrithi wao! Anakula mali ya nyumba aliyoifilisi mtoto. Hapo Collins hakukimbia hata kidogo. Anamwacha Snow ajidanganye kwamba labda hakuna atakayesikiliza, labda kutakuwa na adhabu ndogo tu, na wewe msomaji unajua anajua. Sehemu hiyo ni ya mwandishi mkubwa, na kwa ajili yake tu nasema kisomwe.

Ndiyo maana kibanda kinaniuma zaidi. Mtu anayeweza kuandika usaliti wa Sejanus alishindwa nini kumpa Lucy Gray kurasa kumi zaidi? Najua watetezi wake watasema kutojua alikoishia ndiyo fumbo lenyewe. Sawa, fumbo nalikubali. Asiyetosha ni Snow, siyo yule binti.

Na Tigris je? Katika kitabu cha tatu cha Katniss ni Tigris huyuhuyu, mzee mwenye sura iliyokatwakatwa ifanane na chui milia, anayewaficha waasi chini ya duka lake, na anafurahi kusikia kwamba Snow anakwenda kuuawa. Yule aliyemshonea vifungo vya vigae! Nini kilitokea kati yao? Hilo ndilo lililokuwa jeraha la kitabu kizima, na Collins amefunga bila kuligusa. Kama ataandika kingine kuhusu hao wawili tu, nitakinunua siku kitakapotoka, na hasira yangu yote hii.